Ametazama, Hajapiga Simu

Jumatatu, 1 Septemba

Tumepata kiongozi mpya wa timu. Mwanamke mfupi, miwani mikubwa, sauti ya kuamsha mtaa. Kabla ya saa nne alikuwa ameshasema neno "wazi" hadi likatutoka masikioni. Msanifu wa picha, anayekaa meza ya pili kutoka yangu, akambatiza Bi Wazi. Jina limeganda.

Alifungua akaunti zetu za matangazo kwenye skrini kubwa, mbele ya ofisi nzima. Aibu! Makundi ya hadhira nayatengeneza mimi. Yaani kuliambia jukwaa: hawa waonyeshe tangazo hili, wale usiwaonyeshe. Na majina ya makundi nayatoa mimi pia. Bi Wazi akaanza kuyasoma polepole, kama mwalimu anayesoma majina ya watoro.

"Wale wa Juzi. Wapenda Kuangalia. Mpya. Mpya 2. Mpya 2 Halisi. Usiguse."

Akauliza, hawa Usiguse ni akina nani? Nikasema sikumbuki, ila naogopa kuwagusa. Msanifu alicheka hadi akatoka nje.

Amri imetoka. Jina la kundi liseme ni nani, amefanya nini, ndani ya muda gani, na nini bado hajakifanya. Mtu akikaa kwenye kiti changu kesho, asihitaji kunitafuta. Nikasema sawa, bosi. Moyoni nikasema huyu hatafika Krismasi.

Jumanne, 2 Septemba

Nimeanza kubadilisha majina. Naona aibu kukiri — kazi ni tamu! Wale "Wapenda Kuangalia" sasa wanaitwa "Wageni wa tovuti – wametazama vyumba zaidi ya mara mbili – siku 30 – hawajapiga simu". Ndefu kama jina la harusi, lakini hata bibi yangu angeelewa.

Hao ni wa mteja wetu wa vyumba. Kampuni inapangisha vyumba vya mtu mmoja: kitanda, jiko la kona, bafu lake, mlango wake. Tangazo niliandika mimi: "Mlango wako. Ufunguo wako. Kimya chako." Mteja alilipenda. Aliuliza nimelitoa wapi. Nikasema kichwani.

Nilifika kwenye akina Mpya njaa ikanishika, nikayaacha hivyo hivyo. Wakati wa chakula nikafungua tovuti ya mteja kwa simu yangu. Ghorofa ya tatu, dirisha linatazama paa la shule, ukuta mweupe. Nikazitazama picha zote. Nikazirudia.

Hapa hapana mtu, basi niseme: haikuwa kazi.

Nina miaka thelathini na moja. Nalala chumba kimoja na binti wa dada, miaka minane, anayeongea hata akiwa usingizini. Jana ameniuliza, amefumba macho, kama samaki wana magoti. Nampenda. Nawapenda wote, yeye, dada na shemeji. Dada alinichukua mama alipofariki, nikiwa sekondari. Alikuja na gari la shule ya udereva anakofundisha, kibao cha mwanafunzi bado kiko juu, akapakia sanduku langu, akasema funga mkanda. Basi. Sikuwahi kumsikia akisema nimemlemea.

Mpaka leo ananipigia pasi nguo. Ananimiminia chai. Ananiuliza kama nimekula.

Sasa mtu wa hivyo unamwambiaje nataka mlango wangu? Najua atakachouliza. Hatagomba. Atakaa chini, ataweka mikono magotini, aseme: "Nimekukosea nini?" Nami nitakufa palepale.

Alhamisi, 4 Septemba

Mambo yameanza.

Tumekaa sebuleni, binti ana tableti ya nyumbani, anatazama katuni. Huyu mtoto tangu ajue kusoma hakuna kibao, pakiti wala risiti inayosalimika. Ghafla akasoma kwa sauti ya kutangaza habari: "Mlango wako! Ufunguo wako! Kimya chako! Vyumba vya mtu mmoja!"

Chai ilinipalia. Tableti na simu yangu zinatumia akaunti moja — niliifungua mwenyewe, tusilipie katuni mara mbili. Mtaalamu mzima! Nimetazama kwa simu, tangazo limenifuata mpaka sebuleni.

Binti: "Mama, kwa nini mtu mmoja?"

Dada: "Wapo watu hawana watu."

Alisema kwa huruma, huku akinipa mkate mwingine.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimelimaliza. Rahisi sana. Tunalo kundi la wafanyakazi, akaunti zetu wote wa ofisini, kwa ajili ya kuzuia tusijitangazie wenyewe. Kwenye kampeni ya vyumba hakuna aliyekumbuka kuliweka upande wa kuzuiwa. Leo saa kumi na moja kasoro, begi tayari begani, nimezipanga pande zote mbili upya: wao wazuiwe, wateja waonyeshwe. Kompyuta ikauliza una uhakika? Nina uhakika. Nikazima.

Mtu mwingine angezungumza na dada yake. Mimi nimebofya.

Jumamosi, 6 Septemba

Mungu wangu.

Tangu asubuhi tangazo haliondoki. Kabla ya katuni, katikati ya katuni, baada ya katuni. Dada alitafuta video ya kufundisha kuegesha gari mlimani — mlango wako, ufunguo wako. Shemeji alitafuta namna ya kutoa gesi kwenye friji ya zamani, maana ndiyo kazi yake, fundi mafriji — kimya chako. Binti amelishika kwa moyo. Amelitungia na mdundo, analiimba bafuni.

Mchana dada akaweka tableti mezani. Akanigeukia.

"Wewe ndiye unayejua haya mambo. Matangazo yanakujaje?"

Nami, kwa ule ugonjwa wa kupenda kueleza, nikaeleza! Kwamba hayaji hivi hivi. Kwamba humfuata mtu aliyewahi kutazama kitu. Kwamba yakiongezeka, maana yake mtu huyo ametazama sana, amerudi-rudi, yuko karibu kuamua. Nilieleza vizuri kweli. Bi Wazi angenipigia makofi.

Dada: "Kwa hiyo ni mtu wa humu ndani."

Nikasema ee.

Akahesabu kwa macho. Binti, hapana. Yeye mwenyewe, hapana. Mimi alinipita kama ukuta — hata haikumjia! Macho yakamfikia shemeji, aliyekuwa anakula kwa amani, hajui dunia imegeuka.

"Kimya chako," dada akasema. "Kwani nakupigia kelele?"

Shemeji akainua kichwa na kipande cha ndizi mdomoni. Ningeweza kusema pale pale. Nilikuwa na nafasi, na hewa, na mdomo. Nikainuka kuosha vyombo.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimefika ofisini nikakuta kicheko. Msanifu wikendi nzima ameandamwa na vyumba vya mtu mmoja, mpaka mchumba wake amemuuliza kama kuna jambo. Mhasibu naye ameandamwa. Mlinzi pia, tulimwingiza kwenye kundi kwa heshima. Bi Wazi mwenyewe, anayeishi na mume na mama mkwe, anasema alilitazama tangazo kwa muda mrefu kuliko inavyopasa.

Saa tatu na nusu mteja akapiga. Tangu Ijumaa simu zake hazilii. Zimekufa ganzi. Kuna nini?

Bi Wazi akafungua kampeni kwenye skrini kubwa. Upande wa wanaozuiwa: Mpya 2 Halisi. Upande wa wanaoonyeshwa: Mpya 2.

"Mpya 2 ni akina nani?"

Mpya 2 Halisi ndio wateja wenyewe, kundi kubwa la wote waliotazama vyumba. Mpya 2 ni sisi. Nilivibadilisha viti! Siku tatu tumeficha vyumba kwa watu wanaovitaka, tukawatangazia kwa nguvu zote wafanyakazi wa ofisi moja na jamaa zao.

"Ni sisi," nikasema.

"Sisi akina nani?"

"Sisi hapa. Na nyumbani kwangu."

Ofisi ilivunjika mbavu. Bi Wazi hakucheka. Alirekebisha mwenyewe, akampigia mteja, akasema kosa ni letu na limeshaondoka. Hakunitaja. Halafu akavuta kiti, akakaa karibu nami, akasema kwa sauti ya chini ambayo sikujua anayo.

"Unajua mtu huita kitu Mpya 2 lini? Akiwa hajataka kuamua ni nini."

Nikasema ni haraka tu, bosi.

"Haraka ya nini? Andika."

Nikaandika, amenisimamia: "Wafanyakazi na vifaa vya nyumbani – WAZUIWE – daima". Na Usiguse nimewafungua. Kundi tupu. Hamna hata mtu mmoja ndani, miaka miwili tunawaogopa.

Jumanne, 9 Septemba

Tangazo limetoweka nyumbani. Nilidhani yamekwisha.

Wapi! Dada ameona limetoweka, akamwambia shemeji: "Umeshafuta ushahidi." Mimi na jukwaa langu tumemtia shemeji hatiani mara mbili.

Dada anapokasirika hapigi kelele — kelele ni za furaha. Akikasirika huwa na adabu. Amempakulia shemeji chakula, amesema karibu, amesema asante, amesema samahani naomba chumvi. Kama wako hotelini. Binti ametuangalia wote, akauliza kama kuna mgeni.

Sikumaliza chakula. Nasema ukweli, najichukia leo.

Jumatano, 10 Septemba

Shemeji amenikuta nyuma ya nyumba nikianua nguo. Alikuwa na mtungi wa gesi begani. Akauweka chini, akaukalia.

"Shemeji, hicho chumba kina maji ya uhakika?"

Nikajitia hamnazo. Chumba gani?

"Mimi sijui chumba gani. Simu yangu ni ya vitufe."

Kweli! Shemeji ana simu ya vitufe, na tableti hajui hata inawashwa wapi — huwa anamwomba binti amtafutie. Dada anajua hayo yote. Hasira tu ndiyo imemfunika.

Nikamuuliza kwa nini asijitetee. Akakuna kidevu.

"Nikisema si mimi, atauliza basi ni nani. Na anayebaki ni mmoja. Sitaki asikie kwangu." Akauinua mtungi. "Lakini usinikawize, shemeji. Nimechoka kuambiwa samahani naomba chumvi."

Watu kama hawa wanazaliwa wapi? Nililia kidogo ndani ya shuka mbichi.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimesema. Nusu.

Wakati wa chakula nikapiga moyo konde. Nikaweka kijiko. "Dada, shemeji hana kosa. Ni mimi niliyetazama vile vyumba." Dada akanigeukia taratibu, na nikaiona inakuja, ile sura, mikono ikishuka kuelekea magotini — nami nikaongeza haraka: "Ya kazi! Tulikuwa tunajaribu. Majaribio tu. Tena tukakosea, ofisi nzima imeandamwa."

Nikaeleza habari za Mpya 2 na Mpya 2 Halisi. Nikatia chumvi. Nikaigiza sauti ya Bi Wazi. Wakacheka, dada akacheka, akampiga shemeji begani, akasema mbona hukusema, wewe mwanamume una moyo wa jiwe! Akamwongezea nyama. Kelele zikarudi nyumbani.

Shemeji alicheka pia, ila alinitazama mara moja juu ya sahani. Si kwa kunilaumu. Ndiyo mbaya zaidi.

Dada alipokuwa anaondoa vyombo aliuliza, bila kunitazama: "Hicho mlichokuwa mnajaribu, kiko ghorofa ya ngapi?"

"Ya tatu," nikasema.

"Aa."

Jumamosi, 13 Septemba

Hakuna jipya. Dada alifundisha asubuhi, mwanafunzi wake amegonga pipa la taka, wote wazima pamoja na pipa. Alasiri alitoka uani kupiga simu. Dada hajawahi kutoka nje kupiga simu. Zake huwa tunazisikia mpaka kwa jirani.

Nimetazama picha tena. Bado kipo.

Jumapili, 14 Septemba

Naandika nimekaa ngazini, daftari magotini. Nisamehewe mwandiko.

Asubuhi dada alisimama mlangoni mwa chumba chetu. "Vaa viatu." Tunakwenda wapi? "Vaa viatu." Nikavaa. Nje ameshawasha lile gari la shule, kibao juu, akaniambia nikae kiti cha mwanafunzi. Hajui kusema jambo mtu akiwa amekaa pembeni yake bure, lazima awe anamfundisha. Kushoto. Kulia. Punguza. Nikaendesha nisijue niendako, mpaka nikaona paa la shule. Lile paa! Nikaegesha vibaya, tairi moja juu ya ukingo. Hakunisahihisha. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Msimamizi wa jengo alikuwa anasubiri chini na funguo. "Ndiye dada aliyepiga simu jana?" Dada akasema ndiye.

Amepiga simu! Mimi hiki chumba nimekitazama mpaka najua nyufa za dari yake, na namba ya simu nimeipanga mwenyewe kwenye tangazo, kwa herufi nene. Yeye amepiga.

Tulipanda ngazi, yeye mbele. Nikasema mgongoni mwake, "Dada, kwa kweli ilikuwa kazi tu."

"Kazi gani inamfanya mtu atabasamu peke yake, simu chini ya meza, chakula kinapoa? Kazi yenu naijua. Ukirudi nayo huwa umenuna."

Ghorofa ya pili akasimama, akashika reli.

"Mimi nilidhani unaogopa kuniambia kwa kuwa nitagomba. Halafu nikajiuliza, nimewahi kukugombeza?"

"Hapana."

"Basi unaogopa nini?"

Nikasema. Ilitoka yote mara moja, kama kikohozi: naogopa uulize umenikosea nini. Hujanikosea kitu, dada. Hujawahi. Nataka tu kulala bila kuulizwa habari za samaki.

Akageuza uso ukutani. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akasema vumbi. Ngazi zimepigwa deki sasa hivi, bado zina maji.

"Nilikuwa naliuliza hilo swali," akasema. "Wiki nzima. Nikaliuliza kwa mtu asiyestahili, maskini, na chumvi yake." Akacheka kidogo, akapiga chafya, akapanda.

Sasa yuko ndani. Chumba ni kile kile cha picha, ila picha hazikuonyesha kuwa jua linafika mpaka miguuni mwa kitanda. Dada amekwisha fungua mabomba yote. Ameuliza maji yanakatika lini na lini. Ameuliza jirani wa chini anafanya kazi gani. Amegonga ukuta, ameukagua mlango, ameufunga na kuufungua kwa ufunguo, ameufunga tena, akasema, "Hiki kitasa kinanata, mtakibadilisha kabla hajaingia." Hajaingia — nani? Msimamizi naye hajaelewa. Alitoa kalamu, akauliza, chumba ni cha nani, niandike jina gani?

Dada akanitazama. Msimamizi akanitazama. Nikasema samahani, napigiwa simu. Nikatoka mbio mpaka hapa. Simu yenyewe iko ndani ya begi, na begi liko garini. Nimetoka na daftari tu.

Nawasikia. Msimamizi anauliza kama aandike jina la dada, kwani yeye ndiye aliyepiga.

"Mimi nimepiga tu," dada anasema. Hapunguzi sauti, anataka nisikie. "Mwenye chumba yuko hapo ngazini, anaandika. Mngoje, atakuja kusema mwenyewe."

Amefunga bomba. Nami nafunga daftari.